Kisiki hai au kupanda miche, Dodoma tufanye ipi?

Kwa gharama kisiki hai, yaani kukuza miti upya kutoka visiki vilivyobaki shambani, kiko mbele sana, unachagua machipukizi machache yenye nguvu, mengine unapogoa, unafunga kitambaa cha alama basi, unahitaji panga tu na mikono yako, wakati miche inataka viriba, mashimo na maji ya kununua kwa dumu. Ukame nao, kisiki mizizi ishashuka chini zamani, mche mchanga kiangazi cha Mei mpaka Novemba kinaumaliza na inauma kweli kuona. Ulinzi ni uleule, mbuzi hawachagui. Ila shamba lishang'olewa visiki vyote, au unataka maembe ya kuuza, hapo panda miche, tena michache unayoweza kuimwagilia. Visiki vipo? Anza navyo msimu huuhuu.