Nimeenda kuiona Busu ya Klimt pale Belvedere, Vienna: uzoefu wangu

Wadau, kwa miaka kama mitatu hivi nilikua na posta ya Busu, ile picha ya mchoraji Gustav Klimt ya mwanaume na mwanamke waliokumbatiana, ukutani kwenye chumba changu cha kushonea, niliagiza mtandaoni kwa muuzaji mmoja alieandika kabisa kwamba dhahabu yake inang'aa kama ya ukweli, ilipofika nkakuta ni njano iliyopoa, rangi ya chai ya maziwa. Nikaibandika hivohivo maana mavazi ya wale watu wawili niliyapenda mno. Mimi ni fundi cherehani, naishi Ujerumani, na kilichonivuta kwa huyu mchoraji tangu mwanzo ni nguo. Sasa mwezi uliopita nikasema basi, napanda treni naenda kuiona yenyewe.

Iko Belvedere ya Juu, kasri la zamani lenye bustani ndefu ambalo sasa ni makumbusho ya sanaa, huko Austria, ukishuka stesheni kuu ya Vienna unatembea kwa miguu tu. Tiketi inaandikwa saa ya kuingia kwahiyo nunua mapema mtandaoni, mi nlichukua ya asubuhi kabisa na nashukuru. Begi kubwa unaliacha kwenye makabati ya kufuli huko chini.

Jamani ile picha ni kubwa! Sentimita 180 kwa 180, mraba kamili, na mimi nimezoea kitu cha kubeba kwapani. Halafu dhahabu yake inatembea. Ukisogea hatua moja kushoto sehemu moja inafifia inakua kama shaba, ukirudi kulia inawaka, kwasababu pale kuna dhahabu ya kweli iliyopondwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, pamoja na fedha na platinamu, na hiyo mashine ya kuchapa haina namna ya kuitoa, inakupa rangi moja imelala. Hapo ndo nikaelewa posta yangu ilikosa nini.

Joho la mwanaume ni vipande vya pembenne vyeusi, vyeupe na vya kijivu, la mwanamke ni miduara na mafungu ya maua, na pale nguo mbili zinapokutana nilitafuta mpaka wa kitambaa kwa jicho la kifundi, nikajikuta nnautambua kwa nakshi tu, yaani pembenne zikiisha miduara inaanza. Miili huioni kabisa, ni nyuso, mikono na miguu. Angalia vidole vya miguu vya yule mwanamke, amepiga magoti kwenye ukingo wa maua na vidole vimejikunja vinashikilia, mbele yake hakuna kitu tena. Kwenye posta sikuwahi kuviona miaka yote hiyo.

Gustav Klimt alizaliwa 1862 Baumgarten, nje kidogo ya Vienna, mtoto wa pili kati ya saba, na baba yake alikua fundi wa kuchonga nakshi kwenye dhahabu! Kwahiyo hii kazi kaikuta nyumbani, na nyumba yenyewe ilikua ya shida. Akiwa na miaka 14 akaingia shule ya sanaa za mapambo, baadae yeye na mdogo wake Ernst na mwenzao Franz Matsch wakawa wanapata tenda za kupamba kuta na dari za majumba ya maonyesho, hadi 1888 mfalme wa Austria, Franz Joseph, akampa Gustav nishani. Mwaka 1892 baba akafariki na Ernst akafariki, mwaka huohuo mmoja. Mwaka 1897 yeye na wenzie wakajitoa kwenye chama cha wasanii cha zamani wakaanzisha chao, Secession. Picha alizolipwa kuchora kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Vienna zilipigwa vita sana mpaka akaamua kurudisha hela akachukua picha zake, na picha zenyewe zikaja kuungua 1945 mwishoni mwa vita, hilo linaniuma mpaka leo. 1903 akaenda Ravenna, Italia, akaona yale makanisa yenye kuta za vijiwe vya dhahabu, na ukisimama mbele ya Busu unaiona Ravenna palepale. Na serikali iliinunua 1908.

Mafundi wenzangu, msiondoke baada ya Busu kama wengi wanavyofanya. Kuna picha yake ya Judith ya 1901, fremu yake kaitengeneza mdogo wake mwingine, Georg. Halafu tafuteni picha yake ya Bibi Harusi. Hii aliiacha haijaisha alipofariki Februari 1918, na ndo inaonyesha alivokua anafanya kazi: mwanamke wa upande wa kulia kachorwa mwili mzima kwanza, mapaja na kila kitu, halafu sketi ya maua ndo imeanza kushuka juu yake, imefika katikati ikaishia hapo. Yaani alikua anachora mtu halafu anamvisha, kama mimi ninavyovisha kitambaa kwenye sanamu la kupimia. Nilikaa pale muda mrefu kuliko hata kwenye Busu. Rafiki yake mkubwa maishani, Emilie Flöge, alikua mbunifu wa mavazi, yeye na dada zake walifungua duka la mavazi Vienna 1904, wakashona magauni mapana yasiyobana kiuno, kwahiyo huyu mtu alikaa karibu na mikasi na vitambaa miaka mingi sana.

Nawapa nyota 5 kwa 5. Tenga masaa mawili au matatu, vaa viatu vya kutembelea, na kwenye Busu usisimame sehemu moja, pita mbele yake taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ule mchoro wa ukutani wa mita 34 alioufanya kumuenzi mtunzi wa muziki Beethoven uko jengo la Secession, tiketi yake ni mbali na hii, huo nauendea safari ijayo.