Uzoefu wangu kuagiza vipuri vya saksheni vya kukerezwa nje: mara ya kwanza nilipigwa, ya pili nimetulia

Wadau, mi na jamaa zangu wawili hapa Dar tunaunda mashine ya saksheni, ile ya wodi ya wazazi ya kumfyonza kichanga akizaliwa kaziba pumzi. Mota tunanunua, boksi tunakunja wenyewe, ila silinda ya pampu, pistoni na zile nozeli za kwenye mfuniko wa chupa zinataka vipimo ambavyo lezi ya fundi wetu wa Gerezani haifiki, na si kwamba fundi hajui, huyo mzee anakereza vizuri sana, mashine yake ndo imechoka. Ikabidi tutafute wale wa CNC, yaani mashine za kukereza zinazoongozwa na kompyuta, wanaokereza kwa oda na wanaosema wanafanya vifaa vya tiba.

Wa kwanza tulimpata mtandaoni, yuko China, bei tamu, anajibu dakika hiyo hiyo hata saa nane usiku. Kila nikituma kitu anajibu "sawa, hakuna shida". Nikafurahi. Cheti cha ISO 13485 akanitumia, nikaridhika bila kusoma, kumbe jina la kwenye cheti si la kampuni niliyokuwa nalipa, yeye alikuwa dalali tu kazi anaipeleka anakojua yeye. Na hata kingekuwa chake, kile cheti kinasema kiwanda kina utaratibu wa kusimamia ubora, hakisemi kipande ulichoshika mkononi kiko sawa, hili nimelijua nikiwa nimeshalipa.

Mzigo ukafika, silinda 20 za alumini zimepakwa ile anodaizi ngumu, yaani gamba gumu linaloota kwenye alumini kwa umeme na asidi, nzuri kuangalia, nyeusi tii. Nikachukua pistoni nikaingiza, ikaenda nusu ikagoma kama kizibo. Nikajaribu ya pili, ya tatu, zote vile vile! Mchoro wetu ulisema tundu liwe milimita 50 na lisizidi 50.025, pistoni 49.97. Sasa anodaizi ya maikroni 50 (maikroni ni elfu moja ya milimita) nusu yake inakula ndani ya alumini na nusu inaota juu, kwa hiyo kila ukuta umeongezeka maikroni 25, tundu zima limepungua 0.05. Mchoro haukusema kipimo ni kabla ya kupaka au baada. Kosa la nani? La kwangu, naliandika wazi kabisa, mchoro nilichora mimi. Ila mtu anayekereza vitu hivi kila siku akaona mchoro ule akasema "hakuna shida" huyo naye ana lake.

Nozeli ndo zilinikera zaidi. Tuliagiza chuma cha pua cha daraja la 316L kwa sababu wodini vifaa vinalowekwa kwenye klorini ya 0.5%, Jik kikombe kimoja maji vikombe sita, na klorini inachimba chuma cha pua vishimo vidogo vidogo, 316 inahimili zaidi maana ina molibdenamu asilimia 2 hadi 3. Jamaa mmoja akaja na sumaku akasema haishiki, ni original. Wapi, 304, chuma cha pua cha bei nafuu zaidi, nayo sumaku haishiki! Nikaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye ile bunduki ya XRF inayopima kwa mionzi chuma kina madini gani, akailenga nozeli sekunde chache tu, kromiamu ipo, nikeli ipo, molibdenamu karibu na sifuri. 304. Akanicheka, akasema lete nikununulie kwa kilo.

Kiwanda cha pili kiko Pune, India, jina silitaji nisionekane nimelipwa. Kilinichosha. Nimetuma mchoro kuomba bei, badala ya bei yakaja maswali 14. La tatu: hili tundu la 50, kabla ya anodaizi au baada? Nilikaa nalitazama lile swali, maana ndo lililokula hela zangu miezi minne nyuma. Lingine waliuliza ukingo wa ndani wa nozeli, pale matundu mawili yanapokutana, nani atatoa vile vijimkia vya chuma vinavyobaki na atahakikishaje vimeisha, kitu ambacho sisi hata hatukukiwaza, na ukiwaza kijimkia kikatike kiingie kwenye mpira wa kichanga unakosa usingizi.

Wakatengeneza vipande vitano kwanza, kila kipimo cha mchoro kimeandikwa pembeni yake walichopata, wakasubiri niseme endeleeni. Nozeli zikaja na cheti cha chuma chenye namba ya mkupuo kilipoyeyushwa, na zimechovywa asidi ya sitriki kuondoa chembe za chuma zinazoachwa na visu. Nikarudi kwa yule wa chakavu, molibdenamu 2.1. Safari hii hakucheka.

Ubaya upo. Bei mara mbili na nusu ya yule dalali, chini ya vipande 50 hawakusikilizi, na oda yetu iliangukia Diwali wakapotea kama wiki hivi, simu hawapokei. Nyaraka nazo ni ukurasa juu ya ukurasa, ila faili la usajili la TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, linazihitaji hivyo sijalalamika sana, nimelalamika kidogo.

Dirishani kwa ofisi nimeweka kindoo cha klorini. Kila asubuhi naloweka nozeli moja ya zamani na moja mpya dakika kumi, nasuuza, nakausha. Ya zamani ilianza madoa ya kahawia wiki ya tatu, kwenye nyuzi za skrubu. Mpya leo siku ya 41, bado safi, na dada wa usafi ameshauliza mara mbili kama aitupe ile yenye kutu.