Uzoefu wangu: Seiko 5 ya mtumba (7S26) kama saa ya kwanza ya kukusanya

Kwa anayeanza kukusanya saa za mkono hapa Arusha, naiweka Seiko 5 ya mtumba mbele ya saa mpya tatu nne za betri zisizo na jina. Sababu ni mashine. Mashine hiyo, 7S26, ilianza kutengenezwa 1996, ni otomatiki (hujijaza yenyewe mkono ukitembea), ina mawe 21 (vijiwe vya kupunguza msuguano), na mshale wa sekunde husogea mara 6 kila sekunde. Nyingi zina mfuniko wa nyuma wa kioo, hivyo unaiona ikifanya kazi kabla hujatoa hela.

Kazi iko kwenye ukaguzi. Mji huu una mabroka wa vito, kwa hiyo lenzi ya kukuza mara 10 haisumbui kuipata, nenda nayo. Anza na uso wa saa. Maandishi ya kiwandani yana kingo safi, ila yaliyopakwa upya huvimba au kupinda kidogo, na mara nyingi mistari ya dakika haifiki sawasawa ukingoni. Uso wa rangi kali usio na doa hata moja, ndani ya kava lililochakaa, muulize muuzaji umetoka wapi. Mimi nachukua wenye mikwaruzo na rangi yake ya asili, hata kama jirani yake kwenye meza unang'aa zaidi.

Igeuze. Kwenye mfuniko wa nyuma kuna namba ya mashine, kistari, kisha alama nne. Chini kabisa ya uso, karibu na 6, kuna maandishi madogo ya aina hiyohiyo. 7S26 lazima ionekane kote, pamoja na kwenye kile chuma cha nusu duara kinachozunguka. Zile alama nne za mwisho zinaweza kutofautiana hata kwenye saa halali, kwa hiyo usiikatae kwa hilo peke yake. Lakini mfuniko unaosema 7009 (mashine ya zamani ya mawe 17) juu ya 7S26 maana yake saa imeungwaungwa. Namba ndefu ya mfululizo nayo inasema umri: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi, ambapo O au 0 ni Oktoba, N Novemba, D Desemba. Inayoanza na 6N ni ya Novemba 2006 au 2016, au hata 1996. Siku zikiandikwa Kiingereza na Kiarabu, hiyo si dalili ya feki. Saa hizi hutoka kiwandani na lugha mbili.

Halafu ijaribu. 7S26 haijazwi kwa kuzungusha kinobu (kile kitufe cha pembeni cha kupangia muda). Itikise taratibu kulia na kushoto kwa sekunde 30, itaamka. Vuta kinobu hatua moja: upande mmoja unabadili tarehe, mwingine siku. Usifanye hivyo mishale ikiwa kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, kwa sababu meno ya kalenda yameshashikana na unaweza kuyavunja. Tarehe ikiruka saa sita mchana haijaharibika. Sogeza mishale mbele kwa muda wa saa 12.

Kasoro zake? Mshale wa sekunde hausimami unapopanga muda, na kiwanda chenyewe kinaruhusu kuchelewa sekunde 20 au kuwahi 40 kwa siku. Ikijaa hukaa takriban saa 40 mezani. Ukiivaa kutwa nzima na bado inakufa usiku, ama oili imekauka ama sehemu ya kujaza springi imelika. Ikianza ghafla kuwahi dakika nyingi, shuku sumaku ya spika au ya kifungo cha mkoba: isogeze karibu na dira ya simu, na mshale wa dira ukiyumba wakati unapita, ipeleke ikatolewe sumaku. Hiyo ni kazi ya dakika moja.

Kwa fundi, uliza kwanza kama anaifungua mashine yote au anaiosha kwa petroli ikiwa nzima na kudondoshea oili juu. Ya pili ikatae. Servisi kamili inaweza kukaribia bei ya saa, ndiyo maana wengine huweka mashine mpya ya NH36, ambayo inaingia palepale, inajazwa kwa mkono na mshale wake wa sekunde unasimama. Taja kwamba kinobu chako kiko kwenye namba 4 ya uso, la sivyo siku na tarehe zitakaa mshazari dirishani.

Kioo chake ni Hardlex (kioo halisi kilichokazwa cha Seiko), hivyo dawa ya meno haiondoi mikwaruzo kama kwenye plastiki. Maandishi ya kuzuia maji mita 30 yasikupeleke kwenye bwawa la kuogelea. Oringi (mipira ya kuzuia maji) za mtumba zimekakamaa. Mkanda wa zile zenye kava la milimita 37 ni wa upana wa milimita 18, lakini pima kabla ya kununua.

Asiyetaka kutikisa wala kurekebisha chochote achukue Casio F-91W, saa ya betri inayoonyesha muda kwa tarakimu. Betri yake ni CR2016, hudumu karibu miaka 7, na ukishikilia kitufe cha kulia sekunde 3 inaandika CASIo.