Make Way for Tomorrow: sinema ya 1937 niliyoitazama na mama yangu

Mama yangu amekuwa kwangu hapa Shabab, Nakuru, tangu Januari. Presha ilimsumbua kule nyumbani, daktari akataka aonekane kliniki kila baada ya wiki mbili, na safari ya kutoka Vihiga kila mara ingemchosha bure. Baba alibaki. Kuna ng'ombe wawili, kuna majani chai ya kuchumwa, na boma haliachwi hivi hivi. Basi wazazi wangu, ambao wameishi chini ya paa moja kwa miaka 51, sasa hukutana kwa simu jioni, kabla ya taarifa ya habari ya saa moja.

Naanza na hayo kwa sababu siwezi kuieleza sinema hii kana kwamba niliitazama nikiwa mbali nayo. Diski niliazimwa na jirani, mwalimu mstaafu anayependa sinema za kale. Alinipa akaniambia tu, "Itazame na mama." Nikaiweka Ijumaa usiku, mama akiwa na sinia ya mrenda mapajani anachambua, nami nikimtafsiria kwa Kimaragoli.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mzee Barkley Cooper na mkewe Lucy wanawaita watoto wao nyumbani. Mzee hajapata kazi kwa miaka minne, na benki inachukua nyumba. Watoto ni watano. Mmoja, Addie, yuko California na hatumwoni hata mara moja. Hakuna mwenye nafasi ya kuwachukua wote wawili. Wanakubaliana kwamba mama aende kwa George, New York, na baba aende kwa Cora, mbali huko. Ni kwa muda tu, wanasema, mpaka Nellie, binti yao mwingine, amshawishi mumewe awapokee wote. Mume wa Nellie hashawishiki.

Tukumbuke ni Marekani ya miaka ya 1930, uchumi umeanguka. Sheria ya pensheni ya wazee ilikuwa imetiwa saini mwaka 1935, lakini malipo ya kila mwezi yalianza mwaka 1940. Mzee asiye na kazi alitegemea watoto wake na Mungu. Mama alipoelewa hilo alisema, "Kumbe hata wazungu?" Yeye angalau hupata ile shilingi 2,000 ya Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, ikifika.

Kinachonifanya niiheshimu sinema hii kuliko nyingine za kifamilia nilizowahi kuona ni kwamba haimpi mtazamaji mtu wa kumchukia. Nilikaa nikimtafuta. Nilimtazama Anita, mke wa George, nikadhani nimempata, lakini Anita anafundisha watu mchezo wa karata uitwao briji nyumbani mwake ili familia ipate kitu cha ziada, na mama mkwe yuko pale pale sebuleni, kiti chake cha bembea kinalia, anaingilia mazungumzo, anawazungukia wageni. Wewe ungefanyaje? Kila mtoto ana sababu yake, na sababu hiyo ni ya kweli. Ukizijumlisha zote unapata wazee wawili waliotenganishwa uzeeni.

Mimi nashona sare za shule, na sebule yangu ndiyo karakana yangu. Wateja huja kupimwa. Tangu Januari nilikuwa nimezoea kumwambia mama, kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, hebu pumzika kidogo chumbani, kuna mtu anakuja." Sikuwahi kulifikiria neno hilo mara mbili mpaka nilipowaona George na Anita wakilisema kwa namna yao.

Usiku mmoja wa karata nyumbani kwa Anita ndipo sinema inaposhika moyo na kutouachia. Simu inalia, ni Barkley anapiga kutoka kwa Cora. Lucy anaongea kwa sauti ya juu, kama wazee wanavyoongea kwenye simu, kana kwamba sauti ndiyo inayovuka ule umbali. Anamhimiza ajikinge na baridi. Anamwambia jinsi anavyomkosa. Anasikitika kwamba ametumia pesa nyingi kupiga. Wachezaji mwanzoni wanatabasamu, wanatazamana. Kisha tabasamu linawatoka mmoja mmoja. Kamera haituonyeshi Barkley wala hatuisikii sauti yake. Tunabaki chumbani na wale wageni, tukisikiliza tusichopaswa kusikiliza. Mkono wa mama uliacha kuchambua mrenda. Hakusema kitu, na mimi nikaacha kutafsiri, kwa kuwa hapakuwa na haja.

Mwongozaji ni Leo McCarey, na ajabu ni kwamba jina lake lilijulikana kwa vichekesho. Ndiye aliyeongoza Duck Soup ya wale wachekeshaji ndugu wa Marx mwaka 1933. Victor Moore, anayeigiza Barkley, naye alikuwa mchekeshaji wa jukwaani. Nadhani ndiyo maana huzuni ya hapa haina kelele: watu hawa walijua kungoja. Mtu anasema jambo la kuchekesha kidogo, unacheka, na kicheko kikiisha unakuta umebaki na uchungu ambao hukuuona ukiingia. Beulah Bondi, yule Lucy, hata miaka hamsini hakuwa ametimiza. Thomas Mitchell, anayeigiza mwanawe George, alikuwa mdogo wake kwa miaka michache tu! Mama hakuniamini nilipomwambia. Alitazama ile mikono ya Lucy, ule mgongo, akasema, "Huyo ni bibi kweli."

Upande wa Barkley nao una hazina yake, mwenye duka mzee aitwaye Rubens. Miwani ya Barkley imevunjika, kwa hiyo anamwomba Rubens amsomee barua ya Lucy. Rubens anasoma, anasoma, kisha inamshinda kuendelea. Barkley akishaondoka, Rubens anamwita mkewe kutoka ndani. Mkewe anakuja. Hakuna alichomwitia, alitaka tu kumwona. Ni nusu dakika ya sinema, na ningeinunua diski nzima kwa ajili yake.

Kuna kasoro, nami nitaitaja. Louise Beavers, mwigizaji mweusi hodari, yumo kama Mamie, mfanyakazi wa nyumbani kwa George, na kazi aliyopewa haizidi kuingia na kutoka. Hivyo ndivyo Hollywood ilivyowatendea waigizaji weusi wakati ule, na sinema inayojali hivi utu wa wazee ilipaswa kumwona naye. Mama aliuliza mara mbili, "Na huyu, mama yake anakaa wapi?" Sinema haina jibu.

Mbele zaidi Lucy anaiona barua ya makao ya akina mama wazee, na anaelewa. George anakuja kumwambia, maneno yanamkwama. Lucy anamtangulia: anasema yeye mwenyewe ndiye anayetaka kwenda huko, ili mwanawe asiubebe mzigo wa kulitamka. Anaomba jambo moja tu, Barkley asijue kamwe. Hapo nilisimamisha diski nikaenda kuweka maji ya chai, kwa sababu nilihitaji kusimama jikoni peke yangu.

Barkley naye anapelekwa California kwa Addie, eti hewa ya huko itamfaa. Kabla ya treni yake wanapata saa chache pamoja New York, mji waliofanyia fungate miaka 50 nyuma. Sehemu hii yote ya mwisho ni zawadi. Muuza magari anawazungusha mjini akidhani ni wanunuzi. Akigundua sivyo, hawadhalilishi. Meneja wa hoteli waliyofikia walipooana anakaa nao na kuwasikiliza. Wanaingia kucheza, muziki unabadilika kuwa wa kasi, wanasimama katikati ya ukumbi wasijue miguu iende wapi, na kiongozi wa bendi, akiwa amewaona, anaubadilisha na kupiga wimbo wa taratibu. Hakuna anayewatangaza. Watu wasiowajua kabisa wanawapa heshima saa zote hizo, huku chakula cha jioni cha watoto wao kikipoa mezani. Safari hii hawaendi. Mama alipiga makofi Barkley alipopiga simu kusema hawaji.

Kisha stesheni. Sitasema wanachoambiana dirishani. Nitasema tu kwamba Barkley anaongea kama kijana anayemuaga mchumba, na Lucy anajua jambo ambalo yeye halijui.

Wakubwa wa Paramount, kampuni iliyoitoa sinema hii, walitaka mwisho wa furaha. McCarey akakataa, sinema haikuingiza pesa, na kampuni ikaachana naye. Mwaka huo huo alitengeneza The Awful Truth kwingine na kupata Oscar kwa uongozaji. Alipoipokea alisema wamempa kwa sinema isiyo yenyewe. Mwongozaji Orson Welles alisema Make Way for Tomorrow ingeliza hata jiwe. Ozu, mwongozaji wa Japani, aliitengeneza Tokyo Story mwaka 1953, na inatambulika kwamba mbegu yake ilitoka hapa. Mwaka 2010 Marekani iliiweka hii ya McCarey kwenye orodha ya sinema zake za kuhifadhiwa.

Ni dakika 91 hivi, nyeusi na nyeupe. Sauti ya diski ilikuwa safi, na maandishi ya chini yanasaidia kwa sababu watu wa wakati ule walisema haraka. Usiiweke huku ukipika. Na ukiwa na mzazi nyumbani, mwite.

Jumatatu alikuja mteja, mama wa watoto watatu, kupima sare. Mama yangu akaanza kuinuka kama kawaida. Nikamwambia, "Keti, mama." Akaketi. Baada ya dakika tano simu ya baba ikaita, mapema kuliko siku zote, na mama akaipokea pale pale kwa sauti ya kuvuka mabonde: mtamba amekunywa maji? Koti la mvua umeliona nyuma ya mlango? Mteja alisimama mikono juu, utepe wangu kiunoni mwake, wala hakuharakisha. Simu ilipokatika akauliza mama ni wa wapi, na ikawa yeye kwao ni Sabatia.

Mwalimu ameniruhusu nikae na diski wiki moja zaidi. Mama ameomba tuitazame tena Jumamosi, ila tuizime pale wanapomaliza kucheza, kabla ya stesheni.