Kuchakaza Kigari cha Mfano: Cha Kununua Kwanza na Cha Kungoja

Anayetaka kigari chake cha kipimo cha 1:64, yaani kilichopunguzwa mara 64 kuliko gari halisi, kifanane na gari lililotoka safari ya mbali hushawishika kuanza na bunduki ndogo ya kupulizia rangi, ilhali mimi naiweka mwisho kabisa. Nimepanga vifaa hivi kwa kigezo kimoja: ukikosea, waweza kufuta?

Nafasi ya kwanza naipa chaki laini za rangi za wachoraji, zile kavu zinazoacha unga vidoleni, ambazo hutafutwa katika maduka ya vifaa vya sanaa. Zile za mafuta wanazotumia watoto wa shule hazifai, kwa kuwa hazisagiki. Kwangua kijiti kwa wembe juu ya karatasi, kisha upake unga kwa brashi kavu kuanzia chini ya milango na nyuma ya magurudumu, ukiupunguza kadiri unavyopanda. Gari la Kiambu lipe wekundu. La Embakasi, kwenye udongo mweusi unaonata, lipe kijivu. Pamoja na chaki nunua vanishi isiyong'aa na uitangulize, maana unga haushiki mahali panapoteleza. Ukipulizia vanishi tena juu ya unga, sehemu kubwa ya vumbi itafifia, kwa hiyo kigari cha kukaa kabatini mimi hukiacha hivyo hivyo, nami nikijuta nakiosha kwa maji na sabuni.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu anunue vumbi Nairobi, mahali linapoingia hadi jikoni bila kubisha hodi. Tatizo ni ukubwa: chembe ya mchanga ya milimita 0.2, kwa kipimo hicho, ni sawa na jiwe la milimita 13 hivi. Hilo si vumbi tena, ni kokoto.

Ya pili ni rangi ya mafuta ya wachoraji, na tyubu mbili zatosha, hudhurungi iliyoiva na nyeusi. Iminye juu ya kipande cha katoni na uiache saa chache ili katoni inywe mafuta, la sivyo itakauka iking'aa. Weka nukta ndogo kama kichwa cha pini chini ya bawaba, kisha uivute kuelekea chini kwa brashi yenye unyevu kidogo wa waiti spiriti, kiyeyusho cha rangi ya mafuta, nayo itaacha mchirizi wa kutu. Jihadhari na neno «thina» dukani, kwa kuwa si kila kiyeyusho kinachoitwa hivyo ni waiti spiriti. Niliwahi kuuziwa ile ya mafundi wa kupaka magari, na kabla sijamaliza upande mmoja, vioo vya plastiki vya lori langu vilikuwa vimegeuka vyeupe kama maziwa.

Akriliki, rangi ya kuchanganya kwa maji, ni ya tatu, kwa sababu hukauka upesi na hainipi nafasi ya kujirudi. Hata hivyo, kwa kuiga rangi iliyobanduka haina mpinzani: chovya kipande cha sponji ya vyombo, kikaushe karibu chote, kisha uguse kingo tu. Doa la milimita 1 ni pengo la sentimita 6.4 kwenye gari halisi.

Bunduki yenyewe hudai kompresa, barakoa na mazoezi marefu, na faida yake huonekana hasa katika masizi ya ekzosi. Kabla ya gharama hiyo, nunua penseli laini ya 4B na usugue ukingo wa bodi ya lori, pale magunia yanapoburutwa kila siku, uonekane kama chuma kilichobaki wazi.