Masega ya ekzosi yamekufa: ununue yapi kwa gari la zamani hapa Tanga

Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kilomita kama 33, na Mercedes 230E yangu ya mwaka 1990 ilizoea kuzipanda bila kulalamika. Mwaka juzi ilifika karibu na Soni ikachoka. Gia ya pili, mguu nimekanyaga mpaka chini, gari linatambaa. Hata Fuso lenye mzigo lilinipita.

Niliporudi Tanga, fundi aliingia shimoni, akaligonga kwa kiganja kopo la masega (katalitiki konveta, kopo la kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi). Ndani vilicheza vipande kama kokoto kwenye debe. Akaniambia, "Mzee, masega yameshakufa. Tuyatoe, tuunge paipu, nusu saa tu unaondoka." Nikakubali. Gari likapata nguvu kweli, lakini wiki ileile tulipokwenda Pangani na familia, harufu ya moshi ilijaa ndani, mtoto akatapika njiani na mama yake akashuka ameshika kichwa. Kopo la zamani sikuliona tena. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa bado upo: waya wa plagi ya silinda ya tatu ulikuwa umekatika ndani kwa ndani, injini inamisi (silinda hiyo haichomi petroli), na hakuna aliyeutazama.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei dukani, uliza kwanza kilichoyaua masega yako ni nini. Ukinunua mapya juu ya injini inayomisi, utayachoma nayo.

Kopo hili linafanya nini

Ndani kuna kigae au bati jembamba lenye matundu madogo ya mraba, mengi kama nyavu za dagaa. Mara nyingi ni 400 katika inchi moja ya mraba. Kuta zake zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita juu ya madini hayo, kaboni monoksaidi na petroli ambayo haikuungua hugeuka kaboni dioksaidi na mvuke wa maji, na oksaidi za naitrojeni hurudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Kazi hiyo haianzi mpaka masega yapate joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi. Anayekaa Chumbageni na kuishia sokoni kila siku hayapashi vizuri. Alipeleke gari Muheza na kurudi mara moja kwa wiki.

Yanauawa na mambo machache. Petroli mbichi kutoka silinda inayomisi huungulia ndani ya masega na kuyayeyusha, ndiyo yaliyonipata mimi. Injini inayokula oili huyapaka uchafu wenye fosforasi. Gasketi ya silinda hedi ikivuja, maji ya rejeta nayo huyaharibu. Na kuna risasi, yaani madini ya ledi: petroli yetu ilikuwa na risasi mpaka nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana nayo mwanzoni mwa 2006. Gari lililoingia nchini kabla ya hapo na bado lina masega yake ya kiwandani, inawezekana kabisa yalishakufa miaka mingi iliyopita, ila hayajaziba, ndiyo maana mwenyewe hajui.

Kujua kama yameziba usitegemee kugonga tu. Mwambie fundi afungue sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, afunge geji ya presha kwenye tundu lake. Injini ikiwa kwenye sailensa (inanguruma bila kukanyaga mafuta), geji isizidi psi 1.5 hivi, ukipandisha mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, ikivuka psi 3 kuna kizuizi mbele. Dakika kumi za kazi. Fundi anayekataa kipimo hiki na kukimbilia msumeno, mshukuru, uondoke.

Jambo moja tena. Peugeot 504, Land Rover za zamani, Mercedes W123 nyingi za Ulaya na dizeli za enzi hizo hazikutoka kiwandani na masega. Kama lako ni mojawapo, huna unachotafuta hapa. Nunua mafla nzuri na utengeneze kabureta au pampu.

Ninayoyaweka mbele: masega mapya ya kuchomelea

Haya hayakutengenezwa kwa gari moja maalumu. Ni kopo lenye shingo mbili, unachagua kwa ukubwa wa injini na kipenyo cha bomba, fundi wa ekzosi anakata la zamani na kulichomelea. Kwa gari la zamani hapa Tanga ndilo chaguo langu la kwanza, kwa sababu linapatikana, bei yake inabebeka, na linafanya kazi ile ile ukichagua vizuri.

Kuchagua vizuri ndiko kugumu. Pima bomba lako kwa nje kabla hujatoka nyumbani, na uandike ujazo wa injini, maana kopo la injini ya 1.3 ukiliweka kwenye 2.3 litaikaba na kufa mapema. Dukani lichukue mkononi. Makopo mawili yenye umbo moja, moja zito na jingine jepesi, chukua zito. Chungulia kwa tochi kutoka shingo moja: unatakiwa uone matundu yamenyooka, kingo zake nzima, na kigae hakichezi ukitikisa. Tafuta maandishi ya daraja la Euro (kipimo cha Ulaya cha usafi wa moshi) yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Karatasi ya kubandika mtu yeyote anaweza kuichapa. Ganda liwe la chuma kisichoshika kutu. Sisi tunaoegesha Raskazone tunajua upepo wa bahari unavyolifanya bati la kawaida.

Kati ya kigae na bati, mimi nachukua bati kwa barabara zetu zenye matuta na mashimo, kwa sababu halipasuki likigongwa. Lakini kigae kizuri ni bora kuliko bati la ovyo.

Usikubali duka lisilokupa risiti yenye jina la bidhaa na muda wa dhamana. Ukikosa Tanga, agiza Dar, maeneo ya Kariakoo na Ilala, ila mwambie muuzaji akutumie kwanza picha ya matundu pande zote mbili pamoja na maandishi ya kwenye ganda, kabla pesa haijaondoka kwenye simu yako.

Orijino mapya

Kwa ubora hakuna kinachoyafikia. Yanaingia kwenye flenji zake (maungio ya bolti) bila kukata chuma, madini yake ni mengi, na yanadumu. Ninayaweka ya pili kwa bei tu: kwa baadhi ya magari inaweza kukaribia bei ya injini ya mtumba, na kwa mifano mingine ya miaka ya tisini kiwanda hakitoi tena. Kama gari lako ni la kurithi na unataka libaki kama alivyoliacha marehemu, jikusanye, agiza kwa namba ya chesisi, usijutie.

Ya mtumba

Hapa tuwe makini sana. Masega ya mtumba yaliyotoka na nusu ya mbele ya gari la Japani, ya injini ile ile kama ya Toyota Mark II GX90, yanaweza kukutumikia miaka. Lakini madini yale yana soko. Mwaka 2021 wakia moja ya rodiamu ilipita dola 20,000, na tangu hapo watu wengi wanajua thamani ya kilichomo. Wapo wanaokata kopo kwa juu, wanatoa kigae, wanalichomelea tena na kulipaka rangi ya fedha. Pitisha kidole kuzunguka ganda lote. Mshono usiolingana na ule wa kiwandani ni dalili tosha. Kisha tochi. Rangi ya kijivu kavu ni nzuri. Masizi yenye unyevu wa oili, acha. Ukiona sehemu imeyeyuka na kung'aa kama nta ya mshumaa, acha pia.

Kuunga paipu tupu

Najua ndicho wengi wanachofanya, na nimeshakifanya. Kinaokoa safari, hakimalizi shida. Nguvu unayoisikia ni ile uliyokuwa umenyimwa na kizuizi. Masega mazima yasiyoziba hayali nguvu ya kukufanya uyatoe. Unachobaki nacho ni kelele, harufu, na kaboni monoksaidi ambayo haina harufu, inayopenya ndani kupitia mpira wa buti uliochoka. Ukilazimika, iwe kwa wiki mbili tatu huku ukisubiri spea, na sensa ya oksijeni ibaki mahali pake. Gari la petroli lenye sensa ya pili nyuma ya masega, kama yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia 1996 au Ulaya kuanzia 2001, litawasha taa ya injini.

Kibaya kuliko paipu ni kulitoboa kopo na kuliacha tupu mahali pake. Moshi unazunguka ndani kama kwenye ngoma, kelele ya bati inaongezeka, na atakayenunua gari baada yako atadhani yamo. Hilo ni kumdanganya mwenzio.

Siku ya kufunga

Toa nyaya za betri kabla ya kuchomelea, kontroli boksi (kompyuta ya injini) isije ikaungua. Mshale kwenye ganda uelekee nyuma ya gari. Sensa ikae mbele ya masega, na usiruhusu silikoni ya kawaida kwenye maungio, mvuke wake unaua sensa. Kopo likae pale pale lilipokuwa la kiwandani: ukilisogeza nyuma sana halipati joto, ukilivuta karibu na injini linaweza kupata joto kupita kiasi. Mabati ya kinga ya joto yarudishwe yote. Mtu akiegesha kwenye nyasi kavu, kopo lililotoka safari ya mbali linaweza kuziwasha.

Kopo la zamani ni mali yako. Mwambie fundi tangu mwanzo kwamba utaondoka nalo, au mkubaliane bei na ikatwe kwenye gharama ya kazi. Wanunuzi huliangalia kwa namba iliyogongwa juu yake, kwa hiyo ipige picha kabla msumeno haujaanza.

Baada ya wiki moja rudi shimoni, kaza bolti za flenji, na uwashe injini ingali baridi huku mkono ukipita karibu na kila ungio. Ungio lolote utakalohisi linapitisha upepo, lichomelewe siku hiyo hiyo.