KeePassXC kwenye laptopu iliyoshika virusi: itakuokoa au la?

Wadau, karibuni. Leo nina KeePassXC mezani, programu ya bure ya kutunza pasiwedi, iwe Windows, Mac au Linux. Swali linalojaa kwenye meseji zangu, hasa kutoka kwa wadogo zangu wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ni hili: "Kaka, nimechomeka flashi steshenari ya huku Ng'ong'ona, laptopu imeanza vituko. Nikiweka KeePassXC nitapona?"

Kwa leo, hapana. Usiiweke kwanza.

Programu yenyewe ni nzuri sana. Pasiwedi zako zote zinakaa kwenye faili moja la kdbx, limefungwa kwa AES ya biti 256, mfumo wa kuficha data, na mbinu iitwayo Argon2 inamchelewesha anayejaribu kubahatisha. Angalia hapa kwenye skrini: nakopi pasiwedi, pale chini inahesabu, sekunde 10 imeshaifuta kwenye kumbukumbu ya kukopi. Haidai bando hata kidogo.

Sasa tatizo. Kama kuna kirusi kinachorekodi unachochapa, siku unafungua faili hilo kinaondoka na pasiwedi kuu, ile inayolifungua, pamoja na faili lenyewe. Umemkusanyia mwizi kila kitu sehemu moja! Na zile ulizohifadhi kwenye kivinjari, zihesabu zimeshaondoka. Virusi vya aina ya RedLine kazi yake ndiyo hiyo, vinakomba pasiwedi na kuki, vile vifaili vinavyoikumbusha tovuti kwamba umeshaingia. Kuki ndiyo inaniogopesha zaidi, maana mwizi anaingia kwenye Gmail yako kama wewe, haulizwi pasiwedi wala ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS.

Kwa hiyo shika simu, au kompyuta nyingine unayoiamini. Anza na imeili, kwa sababu akaunti nyingine zote hurejeshwa kupitia hapo. Badilisha pasiwedi, toa vifaa vyote vilivyoingia, washa uthibitishaji wa hatua mbili. Kisha benki, mkopo wa chuo, mitandao. Namba ya siri ya M-Pesa nayo, kama uliiandika kwenye lile faili la Word uliloliita "muhimu". Mnajijua.

Laptopu peleka ikapigwe Windows upya. Fundi akisema ameskani na iko poa, sawa, lakini skani hairudishi kilichokwisha kuibwa.

Baada ya hapo ndiyo KeePassXC. Lawama yangu moja: kwenye simu haipo, itabidi utumie KeePassDX kwa Android na faili ulihamishe mwenyewe. Anayeishi kwenye simu achukue Bitwarden, programu nyingine ya kutunza pasiwedi, ya bure inamtosha. Na ukisahau pasiwedi kuu hakuna wa kumpigia.

Pakueni keepassxc.org, anwani muiandike kwa mkono, msibofye tangazo. Mwaka 2025 ilifichuliwa nakala ya bandia ya KeePass, programu ndugu ya KeePassXC, ikisambazwa kwa matangazo ya mtandaoni. Ilifanya kazi kama ya kweli, huku ikitoa nakala ya pasiwedi zote pembeni.